Nyimbo Kumi za Kokoto

Bado mnanitafuta. Juzi kijana mmoja alipanda kilima chote cha Nyakabanda, akafika kibarazani kwangu akihema, simu mkononi, na kabla hajakaa akauliza: "Mzee Sudi, zile nyimbo kumi za Kokoto unazo wewe?"

Nikamwambia akae kwanza, anywe maji. Halafu nikamuuliza swali nililowauliza watu maisha yangu yote ya kazi. "Nani alikwambia ni kumi?"

Akafikiri. "Watu wanasema."

"Watu gani?"

Akacheka, akakuna shingo. Hapo ndipo nilipoamua kuandika haya, maana pumzi ya kumweleza kila mgeni sina tena. Nyinyi mnaopekua muziki wa zamani mna hamu nzuri, ila mnaokota kila kitu, kama kuku wa sokoni. Kaeni niwaeleze nilichokiona, na pale nisipojua nitasema sijui.

Kazi yangu ilikuwa kanda. Shule niliiacha mapema sana; mwalimu alilalamika kwamba nauliza mno, nami nikaona barabara haichoki kuulizwa. Baba alikuwa fundi cherehani hapahapa mtaani na alitaka nirithi mkasi wake. Nikaondoka. Nimekaa Bujumbura, Kigoma, Mwanza, Kampala, Goma. Kila mji nilikaa mpaka nikaujua, kisha nyayo zikaanza kuwasha. Nilichobeba kila mahali ni bisibisi ndogo, pamba na chupa ya spiriti. Penye redio kaseti hapakosi kanda iliyotafunwa, na penye kanda iliyotafunwa palikuwa na chakula changu. Nilinakili, niliunga, nilisafisha. Miaka ya mwisho nilirudi nyumbani, nikafungua kibanda jirani na fundi viatu, nikawa nahamishia kanda za watu kwenye kompyuta. Sasa macho yangu hayauoni tena mkato wa utepe. Nimeacha.

Aliyenifundisha ni Mzee Kondo, wa Mwanza. Mzee Kondo alikuwa na rula ya mbao, na kila nilipotumbukiza kanda kwenye mashine kabla ya kuuliza, rula ilishuka mkononi. "Umemuuliza mwenyewe ilirekodiwa na mashine gani?" Sijamuuliza. Pa! Nilidhani ni ukali wa uzee tu. Rula hiyo sikuielewa mpaka nilipofika Goma.

Huko Goma alinijia bwana mmoja mnene, sauti yake kama pipa linalobiringishwa, na kanda ya arusi ya binti yake. Alikuwa ametoa hotuba nzito ya baba. Kwenye kanda, hotuba hiyo ilitoka kama ya kifaranga. Nyumbani kwake watu walikuwa wakiisikiliza huku wamejishika mbavu, naye alishaamini kwamba aliyerekodi amemroga ili amdhalilishe mbele ya wakwe. Alikuja na vijana wawili wa miraba minne, wakasimama mlangoni pangu. Nikakumbuka rula. "Bwana mkubwa, ilirekodiwa na redio ya betri?" Ndiyo. "Betri zilikuwa mpya?" Hakujua. Basi betri zilikuwa zinakata roho. Wakati wa kurekodi utepe ulipita polepole, na ukija kuupiga kwa mwendo wa kawaida kila kitu kinakimbia na kuwa chembamba. Nikapunguza mwendo, na sauti ya bwana mkubwa ikarudi tumboni kwake. Alinipa kuku hai.

Mkumbukeni huyo kuku. Bila yeye nisingeweza kuwaeleza habari za Kokoto.

Kokoto walikuwa vijana watatu wa familia za Kinyarwanda zilizorudi kwao kutoka uhamishoni. Kalisa, aliyekulia Karagwe, aliimba na kupiga besi. Bosco, aliyekulia Kampala, alipiga gitaa. Mpiga ngoma alihamia Kanada na hajibu ujumbe wa mtu yeyote, kwa hiyo tumwache. Walipiga roki, magitaa ya kunguruma, wakati mji mzima unataka kwaya au rumba. Watu wa mtaa wa Kicukiro walisema ni kama lori linamwaga kokoto, nao wakalichukua tusi wakalifanya jina. Walipiga mara chache, kwenye kumbi za shule na kwenye baa moja iliyowavumilia. Kanda ya kuuza hawakutoa. Kisha Kalisa akaugua homa ya uti wa mgongo, akafa kabla watu hawajajua kama ni ugonjwa wa kuogopwa. Kundi likaishia hapo. Uvumi haukuishia hapo.

Miaka mingi baadaye mtu wa makamo aliingia kibandani kwangu, ndevu zimeanza mvi, mikono ya fundi umeme. Alikaa, hakutoa kanda yoyote.

"Muzee, kazi ya kukupa sina," akasema. "Nataka unisaidie kujua mimi nilifanya nini."

Alikuwa Bosco.

"Siku ya kilio cha Kalisa nilifika kwao, Kagarama. Wamama wakanisimamisha pale mlangoni. Wakanifukuza kama mbwa, mbele ya watu. Mama Kalisa alikuwa ananiangalia tu. Mpaka leo kosa yangu sijui iko wapi."

"Hukurudi kuuliza?"

"Nilirudi mara nyingi. Mlango haifunguki. Halafu watu wakaanza. Bosco aliuza nyimbo kumi kwa mzungu. Bosco alimpa Kalisa sumu. Bosco alimtoa Kalisa kwa shetani apate vidole vya gitaa. Vidole gani, Muzee? Mimi navuta nyaya kwenye dari za watu!"

Nilicheka, yeye hakucheka. Akanieleza kilichomleta siku ile hasa. Mama Kalisa amezeeka, na Jumamosi binti yake anamchukua akaishi naye Mwanza. Akishavuka mpaka, Bosco atabaki na jina la muuaji mpaka kaburini, na hata hajui ni kwa nini.

Nikafanya kama nilivyofunzwa. "Mlirekodi nyimbo ngapi?"

"Moja. Na haikuisha."

"Kwa mashine gani?"

"Ilikuwa yangu, ya mitumba, niliitoa Kampala. Ile ya njia nne. Ilishaungua, nikatupa."

Niwaeleze njia nne. Ni mashine ndogo ya kaseti waliyokuwa nayo wanamuziki wasio na uwezo wa studio. Ndani ya utepe uleule mwembamba inachora njia nne kando kwa kando: hapa besi, hapa sauti, hapa gitaa, hapa sauti ya pili. Unarekodi moja moja, mwisho unazichanganya. Nilishaziona mbili tatu Kampala.

"Na kanda ilikwenda wapi?"

"Ilibaki kwa begi ya Kalisa. Sijaiona tena."

Sikumwahidi kitu. Nilimwambia nitauliza.

Sasa hapa pana ufundi ambao hamwezi kuununua. Ukitafuta ukweli wa kitu ambacho mji mzima unakisema, usibishane na mtu. Muulize tu: ulisikia kwa sikio lako, au kwa mdomo wa nani? Kisha mfuate huyo wa pili, umuulize hivyohivyo. Uvumi ni kama maji yanayovuja darini, doa huwezi kulizuia kwa kulifuta. Panda juu ukatafute bati.

Nilianzia kwa muuza flashi mmoja wa soko la Kicukiro, aliyejulikana kwamba amezisikia zote kumi.

"Zote, Mzee! Wallahi, zinatisha."

"Niimbie moja."

"Ah, Mzee, mimi si muimbaji."

"Piga mluzi basi."

Akatazama pembeni, akapanga flashi zake upya. "Kusema kweli ni shemeji yangu aliyezisikia."

Nikamfuata shemeji yake, anauza vipuri vya pikipiki. Shemeji naye hakusikia. Alisimuliwa na mama mmoja muuza vitenge wa sokoni mlemle, Mama Zawadi, ambaye alikuwepo kilioni. Mama Zawadi alipolisikia jina la Kalisa, aliacha kukunja kitenge.

"Nilisikia kwa masikio haya," akasema. "Sirudii."

"Zilikuwa kumi, mama?"

"Kumi za nini? Hata moja haikuisha. Tulizima. Ukitaka zaidi nenda kwa mwenye mtoto."

Mmeona? Njia nzima ya watu, na mwisho wake yuko mmoja tu aliyesikia, naye alisikia kipande. Hiyo kumi sikuijua ilikotoka, na mpaka leo sijui. Lakini niliposhuka kutoka sokoni niliongeza hatua. Kumbe kanda ilikuwepo, na ilipigwa kilioni, pengine kabla Bosco hajafukuzwa mlangoni.

Mama Kalisa aliishi Kagarama, kando ya barabara, nyumba ya geti la kijani. Nilimkuta amekaa katikati ya maboksi. Hakunifukuza. Aliniangalia viatu, kisha uso, akamimina chai ya maziwa kutoka kwenye chupa, akanywa funda moja yeye mwenyewe, halafu akanipa kikombe kilekile. Ni desturi ya wazee wa hapa. Anayekupa kinywaji anakionja kwanza mbele yako, ili moyo wako utulie kwamba hakuna sumu. Wengi wa mjini wameiacha. Yeye hakuiacha.

"Umetumwa na Bosco," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Afadhali wewe husemi uongo. Alikwambia alichomfanya mwanangu?"

"Anasema hajui. Mimi nimekuja kuuliza kitu kimoja tu, kisha naenda zangu. Ulisikia nini kwa sikio lako?"

Alisogeza boksi moja kwa mguu. Kisha akasema, bila kupandisha sauti.

"Siku ya tatu ya kilio. Tulipata kanda kwenye begi lake. Nikasema, tumsikie mtoto. Tukaweka kwenye redio yetu ya kawaida. Ikatoka sauti yake, lakini si yake. Nzito, inaburuta, kama mzee anayefia ndani ya shimo. Nilijua ni yeye, mama hakosei, lakini kuna kitu kilikuwa kimemkalia kifuani. Wanawake wakaanza kuomba. Mmoja akasema geuza upande wa pili. Tukageuza." Alifunika kikombe chake kwa kiganja. "Upande wa pili maneno yalikuwa yanamezwa. Si Kinyarwanda, si Kiswahili, si lugha ya binadamu. Na sauti zilikuwa mbili. Tukazima. Na siku ileile aliyemletea mashine ile anasimama mlangoni kwangu, analia."

Nilikuwa namwona kuku wa Goma akitembea katikati ya maboksi yale. Mashine nyingi za njia nne huuvuta utepe kwa mwendo maradufu, ili sauti iwe safi. Ukiupiga kwenye redio ya kawaida, kila kitu kinaburuta na kuwa kizito. Na njia zote nne huenda upande mmoja. Redio ya kawaida inazijua mbili tu za upande wa kwanza. Ukiigeuza kanda, inazisoma zile mbili nyingine kinyumenyume, kutoka mwisho kwenda mwanzo.

Lakini kudhani si kujua. Huenda nilichokidhani kilikuwa sahihi, na bado ndani ya kanda mna jambo baya. Nilimweleza polepole, nikasema inawezekana ni mashine tu.

"Kila aliyekuja hapa alikuja na inawezekana yake," akasema. "Mchungaji alikuwa na yake. Mganga alikuwa na yake."

"Basi tusikilize. Kanda unayo bado?"

"Ungechoma ya kwako?"

Alikubali kwa masharti. Angekuja kibandani Alhamisi mchana, na kanda isingetoka machoni pake. Bosco awepo. "Kama sauti ile ndiyo sauti ya mwanangu, naichoma kwenye jiko palepale, na yule hatatamka tena jina la Kalisa mpaka afe. Akikataa sharti, nisiione sura yake."

Nilipomfikishia Bosco maneno hayo, alishuka ngazi yake ya kazi. "Muzee, mimi sikumbuki kila kitu tulichosema siku ile," akasema. "Tulikuwa vijana. Kama kuna kitu kibaya?"

"Kama kipo, kipo."

"Sawa," akasema. "Nakuja."

Alhamisi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mama Kalisa alifika kwa teksi, chupa yake ya chai kwapani, kanda ndani ya kitambaa cheupe. Bosco alikuwa amesimama pembeni, amevua kofia. Hakusalimiwa. Mama aliketi kwenye kiti changu, akamimina chai, akaonja, akanipa. Bosco hakupewa. Kwa fundi viatu jirani nilikuwa nimeazima jiko la mkaa, kama tulivyokubaliana, na lilikuwa linawaka mlangoni. Sijawahi kufanya kazi na jiko likinisubiri namna ile.

Kanda ilikuwa imeota ukungu mweupe, na kile kipande cha sponji kinachoubana utepe kwenye kichwa cha mashine kilishadondoka. Nasema nanyi mnaookota kanda mitumba: ukiipata ya namna hii, usiitie mashineni, na usiikimbize mbele wala nyuma. Utepe uliolala miaka hushikana, ukiuvuta ghafla unakatika au unabandua rangi, na rangi ndiyo sauti. Zungusha kwanza kwa mkono, kwa kalamu ya pembe sita. Hamisha magurudumu yote mawili kwenye kasha jipya.

Shida ni kwamba kasha lake halikuwa na skrubu, lilikuwa limegandishwa. Ilibidi nipitishe kisu kwenye mshono.

"Unalivunja," akasema Mama Kalisa.

"Nalivunja kasha, mama. Mwanao yuko kwenye utepe."

Sikuyapima maneno kabla ya kuyasema. Alikaza kitambaa mkononi. Kasha lililia kra, likafunguka. Pale mwanzoni utepe ulikuwa umejibandika, na nilipouinua, ukakatika. Bosco alitoa sauti ndogo. Nikaunga kwa gundi yangu ya utepe. Nilipomaliza, nikasafisha mashine kwa spiriti, nikaosha mikono, nikaweka kanda.

"Kwanza nitaipiga kama mlivyoisikia," nikasema.

Ikatoka. Nyinyi mmezoea kuvuta sauti kwa kidole kwenye simu, mngecheka. Mle ndani hakuna aliyecheka. Besi ilikuwa inaguguma kama mtu anayesukuma kabati, na juu yake ile sauti, nzito, inaburuta, kila neno linajikokota kutoka shimoni.

"Ndiyo hiyo," akasema Mama Kalisa. Alikuwa anaangalia jiko.

"Hiyo si Kalisa," Bosco akasema. "Mama, nakuapia…"

Nikamwinulia mkono anyamaze. Upande ulipokwisha nikaugeuza. Nao ukatoka, yale maneno yanayomezwa, sauti mbili, pumzi zinazovutwa ndani pale zinapopaswa kutoka nje. Taa ikapepesa kwa radi, ikatulia. Kompyuta ilikuwa imeshachukua pande zote mbili.

Nikauchukua upande wa kwanza, nikauongezea mwendo maradufu. Nikabonyeza.

Kijana akaimba.

Sina la kuongeza hapo. Kijana mmoja, sauti nyembamba yenye mkwaruzo kidogo, akaimba kwa Kiswahili cha Karagwe habari za mtu anayejenga nyumba kwa mawe aliyorushiwa. Mama Kalisa hakulia. Aliinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba kingine anayesubiri kuitwa tena.

"Huo ni upande mmoja," akasema ulipokwisha. "Lugha ile ilikuwa upande wa pili."

Nikauongezea mwendo upande wa pili, nikaugeuza utoke mwanzo kwenda mwisho. Likaanza gitaa la Bosco, kokoto kwelikweli, lori zima. Kisha ikaja sauti moja ya zile zilizowaogopesha wanawake: alikuwa Kalisa huyohuyo, anajiitikia mwenyewe. Nikaanza kupumua. Wimbo ukafika katikati, ukakatika. Gitaa likanyamaza. Utepe ukaendelea, hakuna aliyezima mashine siku ile, na kwenye ukimya wa chumba kile cha zamani Kalisa akapiga kelele:

"Utaniua, Bosco!"

Mama Kalisa alisimama.

Nilimtazama Bosco. Uso wake ulikuwa kama jivu. Naapa hakulikumbuka neno lile. Niliona anavyolitafuta kichwani. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Kila kitu ndani yangu kilisema zima, mwondolee mama huyu. Lakini kilichotufikisha pale ni kuzima. Walizima kilioni kabla haijaisha, na ule usikilizaji wa nusu ndio uliokwenda sokoni, ukarudi na sumu, na mzungu, na shetani. Nikaondoa kidole.

Palipita pumzi mbili za ukimya kwenye utepe. Kisha kicheko.

"Utaniua wee! Koo limekauka, na wewe bado tena, tena, tena!"

Sauti ya Bosco kijana, kwa mbali: "Moja tu, halafu tunaenda."

"Kila saa, moja tu! Mama atakuwa ameshalala, chakula kimepoa."

"Mamako? Yule halali kama hujafika."

Wote wawili wakacheka, kitu kikaanguka, mmoja akasema kwa Kinyarwanda, reka, sha, yaani acha bwana, zima hiyo. Tik. Mwisho.

Mvua ilikuwa imepungua. Mama Kalisa alikuwa bado amesimama, anaiangalia spika.

"Sikuwa nimelala," akaiambia.

Basi, huo ndio ukweli wa nyimbo kumi za Kokoto. Ni mmoja, haukumalizika, na mwisho wake ni vijana wawili wanacheka. Kanda yenyewe ilikwenda Mwanza Jumamosi ile, ndani ya kitambaa chake. Nakala moja anayo Bosco. Mimi sikubaki nayo. Sikuombwa kubaki nayo. Wameamua isitoke, na hilo ni lao, kwa hiyo msiniletee tena maneno ya mtandaoni. Mkiniambia mmesikia wimbo wa pili, nitawaomba mpige mluzi.

Ila kuna kitu kimoja mtandao hauna, na ndicho nilichotaka mkijue.

Jiko lilikuwa bado linawaka pale mlangoni. Mama Kalisa alikaa tena, akatafuta chupa yake ya chai. Kifuniko kilimshinda. Bosco, aliyekuwa amesimama mchana kutwa pembeni kama mshtakiwa, akasogea, akapiga magoti, akaichukua chupa. Akamimina. Akakiinua kikombe kinywani mwake aonje kwanza, kama desturi inavyotaka, zaidi sana kwa mtu aliyewahi kuitwa mtoa sumu.

"Lete," akasema Mama Kalisa.

"Mama, ngoja kwanza mimi…"

"Lete, mwanangu. Inapoa."

Akakipokea kabla hakijagusa midomo ya Bosco, akanywa chai yote. Hilo sikuambiwa na mtu. Nililiona kwa macho yangu.